Kimto cha Keria

Jumapili iliyopita tulisimama Matsangoni kunywa madafu, sisi waendesha baiskeli wa Malindi tunaojiona watu. Mwenzetu mmoja alikuwa na baiskeli mpya ya kaboni. Aliinyanyua kwa vidole viwili, kisha akaipitisha mkono kwa mkono, kila mtu aipime uzito na aseme mashallah. Nami nikaipima. Kijicho kikanishika, maana yangu nimeitia ringi mpya juzi tu na tayari naiona nzito kama jiwe la kusagia. Sijui nina nini mimi. Situlii. Nikipata gia nataka usukani, nikipata usukani naota tandiko.

Lakini nilipokuwa nikiirudisha niliitazama nyuma, pale juu ya gurudumu, patupu kabisa. Nikamkumbuka baba.

Kwetu Takaungu, ndugu yangu, Idd haikuwa Idd bila baiskeli. Baada ya swala wanaume walizipanda wakazunguka mji, kichochoro kwa kichochoro, na wanawake milangoni wakisema ipi imependeza. Baba alikuwa mshoni, na baiskeli yake nyeusi aliivisha kuliko alivyomvisha mama. Mama mwenyewe ndiye aliyesema hivyo, na hakuwa akitania. Tandiko la mahameli nyekundu lenye matamvua, maua ya plastiki kwenye usukani. Spoku nilizisugua mimi kwa majivu na ndimu, hata pilau niliila mikono ikinuka ndimu. Na nyuma, kwenye keria, kimto alichonishonea, changu peke yangu. Hapo ndipo nilipokaa kila Idd, nimemkumbatia kiuno, nikinusa udi kwenye kanzu yake, nikiwapungia wenzangu kwa maringo. Mwaka mzima niliungojea mzunguko ule.

Balaa lilikuwa jirani yetu, muuza mikate. Baba akitia kengele moja, yeye mbili. Baba akitia taa ya dainamo, yeye vioo pande zote, utadhani anakwenda kinyumenyume. Ramadhani moja tukasikia jirani ametia honi ya lori. Lo! Baba hakukalika. Alitoka, akarudi, akatoka tena, futari inapoa. Mwishowe akaja na redio kubwa na betri ya gari.

"Utaiweka wapi hiyo?" mama akamuuliza.

Baba aliinama akafungua kamba za kimto changu.

Nililia wewe! Nikamwambia nitaipakata redio, nitakaa upande, sitasumbua. "Idd hii tu, mwanangu," akanibembeleza. "Ijayo utapanda." Bibi, mamake baba, alikuwa akipepeta mchele pale uani. "Redio itangoja," akamwambia, "huyu hatangoja." Baba akacheka. Mimi sikucheka.

Siku ya Idd nilisimama mlangoni na gauni langu jipya. Kasida zilisikika kabla yeye hajaonekana. Akapita, kifua mbele, watu wakipiga vigelegele. Jirani alishindwa vibaya sana. Lakini nyuma ya jirani, katikati ya vile vioo, alikuwa amekaa binti yake, naye akanipungia mkono. Nikaingia ndani, tambi zangu nikawamwagia kuku.

Baba alitimiza ahadi. Idd iliyofuata aliitoa redio mwenyewe, akanishonea kimto kipya cha samawati. Ila mwaka ule nilirefuka ghafla. Nilipokaa, miguu ilikuwa ikiburuzika mchangani. Bibi akanitazama, akamtazama baba. "Huyu sasa mwari," akasema taratibu. "Hazungushwi mjini." Nilishuka. Baba alizunguka peke yake, bila redio wala mimi, na hakuna aliyempigia kigelegele. Aliporudi alikifungua kile kimto, akakiweka kwenye kiti cha cherehani yake. Alikikalia hadi Mungu alipomchukua, na hata leo sijui nani alikitupa.

Siku hizi hata huo mzunguko haupo. Idd watu hupita na bodaboda, vumbi tu. Niliporudi nyumbani kutoka Matsangoni, binti yangu alikuja kuzitazama ringi zangu mpya. Akaizunguka baiskeli mara mbili, akaniuliza, "Mama, na mimi nakaa wapi?"

Kesho yake nikaipeleka kwa fundi aifungie keria. Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Baiskeli ya mbio, ya thamani hii, akasema, haina hata tundu la kutia skrubu, na wenzako wakikuona na keria watakukimbia. Wacha wakimbie. Tangu siku hiyo nauliza kila mtu, Kilifi mpaka Ngomeni, kama ana baiskeli nyeusi ya zamani, kuukuu vyovyote iwavyo, ilimradi ina keria. Usiku sipati usingizi. Idd haiko mbali, na jana nimemjaribisha binti yangu gauni la Idd iliyopita. Lile lililokuwa likimfunika miguu sasa linamfika magotini.