Neno Lililobaki kwa Mzee Bado

Mtaani kwake walianza kumwita Mzee Bado hata kabla hajaota mvi, na hakuna aliyehitaji kuelezwa sababu. Ilitosha kusimama mlangoni pa duka lake la mikate asubuhi moja tu. Ukimuuliza kama mkate umeiva, alikujibu, "Bado." Ukizunguka mtaa mzima ukarudi, bado. Ukimlilia kwamba watoto wanachelewa shule, alikutazama kwa huruma, akapangusa mikono kwenye aproni, akasema bado. Wakati wenyewe ulipofika hakusema kitu. Alinyamaza, akashika ubao wake mrefu wa kutolea mikate, akafungua mlango wa tanuri, na harufu ikatoka mpaka barabarani. Watu wakasahau kwamba walikuwa wamenuna.

Mwenzake waliyefungua naye duka alikuwa mtu wa haraka. Walipendana, walitukanana, walikula sahani moja. Asubuhi moja foleni ilikuwa ndefu kuliko kawaida, mwenzake akachoka kusikia manung'uniko, akafungua tanuri kabla ya wakati. Mzee Bado akamwambia bado. Yule akaendelea kuvuta mikate. Akamwambia tena, safari hii kwa kelele, na akamsukuma. Kumsukuma tu, kama watu wa jikoni wanavyosukumana kila siku ya Mungu. Lakini sakafu ilikuwa na unga, mwenzake akateleza, kichwa kikagonga pembe ya chuma ya mlango wa tanuri, na hakuamka tena.

Mahakamani Mzee Bado hakubisha. Alifungwa kifungo kirefu, akapangiwa kazi ya jikoni gerezani, na huko nako akawa anawakawizia wafungwa na askari chai yao kwa sababu ileile. Mkewe alikuwa ameshafariki. Binti yao wa pekee alilelewa na shangazi, akakua, akaolewa, akawa fundi cherehani. Mwanzoni alikuja kumwona baba yake. Kila alipotoka alilia njia nzima, na siku moja akaamua apumzike kulia kidogo, na hayo mapumziko yakawa miaka.

Kisha kikaja kiharusi. Kilimkuta Mzee Bado ameinama juu ya donge la unga, mikono imezama mpaka kwenye viwiko. Aliona donge linapanda, linapanda, likajaa jikoni kote, jeupe na la uvuguvugu, naye akalala juu yake bila hofu yoyote. Alipozinduka alikuwa kwenye chumba cha wagonjwa, upande wake wa kulia si wake tena.

Daktari wa gereza, kijana mpole mwenye haraka ya mtu anayesubiriwa na wagonjwa wengi, alimuuliza jina lake. Akajibu, "Bado." Daktari akamgeukia mnyapara, na mnyapara akathibitisha kwamba ndiyo, huyo ndiye Mzee Bado, kila mtu anamjua. Daktari akafurahi. Akaandika kwamba mgonjwa anajitambua na anazungumza vizuri, akaenda zake. Zilipita siku kadhaa kabla hajagundua kwamba mgonjwa anajibu hivyo hivyo akiulizwa kama amekula, kama anaumwa, au kama mvua imenyesha. Katika maneno yote aliyowahi kuwa nayo, hilo moja ndilo lililosalimika.

Na ajabu ni kwamba ndani ya kichwa hakuna kilichopotea. Maneno yote yalikuwepo, yamejipanga kama wateja wake wa zamani, lakini mlango uliruhusu mmoja tu apite, na siku zote ni yuleyule. Akitaka maji, bado. Akitaka kugeuzwa, bado. Mfungwa mmoja, dereva wa lori wa zamani ambaye wenzake walimwita Nesi kwa kumtania, ndiye aliyemlisha uji na kumwogesha. Nesi alijifunza kusoma macho. Aliongea kwa niaba ya wote wawili, akauliza na kujibu mwenyewe, na mara nyingine akabishana mwenyewe mpaka akashindwa.

Mchana Mzee Bado alisinzia. Dirisha lilikuwa juu karibu na dari, na mwanga uliingia umebeba vumbi jeupe, akawa hajui kama ni vumbi au unga unaochekechwa. Katika mwanga huo mwenzake alikuja kumtembelea. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono imejaa unga, kichwa chake kizima, wala hakuwa na kinyongo. Aliuliza jambo lilelile kila mara, kwa adabu ambayo hakuwa nayo alipokuwa hai.

"Tutoe?"

Mzee Bado alijibu bado, na mwenzake akaitikia kwa kichwa, akaendelea kungoja.

Daktari, alipomwelewa, aliona haya, na kwa ile haya akafanya kazi nzuri. Sheria ilimruhusu mfungwa asiyejiweza kwenda kuuguzwa kwao, kama daktari atathibitisha hali yake, kama kuna ndugu wa kumpokea, na kama mfungwa mwenyewe atakubali mbele ya kamati. Daktari alithibitisha. Binti alitafutwa, akapatikana, akasema atampokea baba yake. Alifagia chumba, akahamishia cherehani yake sebuleni, akatandika shuka jipya alilolishona mwenyewe.

Kamati ilikaa katika chumba chenye feni inayopiga kelele kuliko inavyopuliza. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Nesi alimsukuma Mzee Bado ndani kwa kiti cha magurudumu, naye akamwona binti yake kwenye benchi, mkubwa, amefanana kabisa na mama yake. Maneno yote yakakimbilia mlangoni kwa pamoja. Mwenyekiti akamsalimia kwa heshima, kisha akamuuliza, "Mzee, uko tayari kurudi nyumbani?"

"Bado," akasema Mzee Bado.

Akaulizwa tena taratibu, na tena, na kila alivyojitahidi kusema lingine ndivyo lilivyotoka lilelile kwa nguvu zaidi, mpaka likawa kama anagombeza. Daktari alijaribu kueleza habari ya kiharusi. Mwenyekiti akasema anaelewa, lakini masharti yanataka aridhie mwenyewe, na kamati haiwezi kumtoa mtu gerezani kwa nguvu. Kusema kweli, hilo lilikuwa jambo jipya katika historia ya gereza lile. Shauri likaahirishwa. Binti alitoka bila kuinua macho. Alikuwa ameielewa ile bado kwa namna yake, kwamba mzee hataki kwenda kwa mtoto aliyemtelekeza, na hakuona sababu ya kumlaumu.

Hata hivyo alirudi kumwona, peke yake, siku ya wageni. Alikaa mbele ya kile kiti akiukunjakunja mkoba wake, halafu akasema kile kilichomleta.

"Baba, umenikasirikia?"

"Bado."

Binti akashtuka, kisha kicheko kikamponyoka, kwa sababu jibu lile lilikuwa na maana ya kwamba anajipanga kukasirika baadaye. Mzee Bado naye akacheka kwa nusu ya mdomo aliyobakiwa nayo. Walicheka mpaka askari akawatazama. Kisha binti akajifuta machozi, akauliza kwa sauti ndogo, "Lakini unataka kuja kwangu?"

Mzee Bado alihisi neno linapanda. Akalibana. Akafunga meno, akakaza shingo, jasho likamtoka, neno likagonga na kugonga lakini hakulifungulia. Akanyanyua mkono wa kushoto, ule unaomtii, akaushusha polepole mbele yake kama mtu anayefungua mlango mzito.

Binti aliutazama ule mkono. Akajiona mdogo, amekaa juu ya gunia dukani asubuhi ya baridi, anauliza mkate umeiva, anajibiwa bado, anauliza tena, anajibiwa bado, na kisha anauliza na hajibiwi, na hapo ndipo anaruka chini kwa furaha kwa sababu tanuri linafunguliwa.

"Ukinyamaza ndiyo," akasema. "Baba, ukinyamaza ndiyo. Mimi nilisahauje?"

Baba yake akanyamaza.

Kuanzia siku hiyo Nesi aligeuka mwalimu. Nani alijua kwamba kunyamaza ni kazi ngumu hivyo? Alimuuliza kama yeye ni mwanamke, bado, kama uji una chumvi nyingi, kama Nesi ndiye mwanamume mzuri kuliko wote gerezani, na lile la mwisho Mzee Bado alilijibu kwa sauti kubwa kupita kiasi. Mengine yalimponyoka. Mengine aliyashika. Neno lilikuwa limezoea kutoka bila ruhusa, kama mbwa wa nyumba yenye ua mbovu, na kulifundisha kukaa ndani kulimchosha kuliko kukanda magunia ya unga.

Kamati ilipokaa tena, binti alisimama na kueleza mambo ya tanuri. Mwenyekiti alisikiliza, akavaa miwani. Alisema ni habari nzuri, lakini atajuaje kwamba mzee hanyamazi tu? Akaanza kumuuliza mwenyewe, akichanganya.

"Huyu ni binti yako?"

Kimya. Feni ikapiga kelele.

"Wewe ni fundi viatu?"

"Bado."

Mjumbe mmoja akasema basi mzee ana matumaini ya kujifunza, wakacheka kidogo. Mwenyekiti hakucheka. Akauliza kama kifungo chake kimekwisha. Bado. Akauliza kama anajua kwamba atakaa kwa binti yake, kwamba askari atapita kumwangalia, na kwamba akipona atarudishwa kumalizia. Ni sharti la ajabu kumwekea mgonjwa, lakini Mzee Bado alilipokea kwa kimya kirefu, meno yamefungwa, mkono wa Nesi begani mwake. Watu wakaanza kukusanya karatasi zao. Ndipo mwenyekiti akavua miwani na kuuliza jambo ambalo halikuwa kwenye masharti yoyote.

"Mzee, yule mwenzako aliyefariki. Umeshajisamehe?"

Hili Nesi hakuwa amelifundisha. Mzee Bado hakulibana neno, wala halikumponyoka. Kwa mara ya kwanza tangu augue, alilitafuta mwenyewe, akalipata, akalitoa polepole.

"Bado."

Mwenyekiti aliivuta karatasi ya kumruhusu kutoka. Kisha akatia sahihi.

Nyumbani kwa binti palikuwa na sauti ya cherehani mchana kutwa, na Mzee Bado alilala akiisikiliza kwa raha. Daktari alikuwa amemwambia binti ukweli, kwamba moyo wa mzee umechoka na asimpangie mipango ya mbali. Kwa hiyo binti hakupanga. Alinunua unga na hamira, akakanda vibaya, baba yake akimtazama kutoka kwenye kiti kwa huruma ileile ya zamani, akatia donge kwenye oveni ndogo aliyoazima kwa jirani. Akakaa chini karibu na miguu ya baba yake. Jua la alasiri lilikuwa limeingia mpaka katikati ya chumba, na vumbi jeupe lilielea ndani yake.

Aliuliza kama watoe. Bado. Akarudi kwenye cherehani, akashona upindo, akauliza tena. Bado. Harufu ikaanza kutoka, ikajaa chumbani, na Mzee Bado akasinzia ndani yake. Sakafu ilikuwa na unga. Mtu alikuwa amesimama mbele ya tanuri, amempa mgongo, mkono uko tayari kwenye mpini wa mlango, na nje foleni ilikuwa ndefu lakini hakuna aliyenung'unika.

"Tutoe?" sauti ikauliza, na hakujua kama ni ya binti yake au ya mwenzake.

Neno likaja kama kawaida yake, likasimama mlangoni. Mzee Bado akalitazama, wala hakuhitaji kulibana. Akanyamaza, na tanuri likafunguliwa.