Mgeni Huyu ni wa Nani?

Bado naikumbuka Krismasi ile ya Riverdale Park, hukuhuku Marekani, mwanangu, na kwa kuwa umeniambia mwaka huu watu watakula kwako, keti kidogo nikusimulie. Pilau yako najua itaiva. Wasiwasi wangu ni mlango.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Mimi na marehemu mume wangu tulikuwa tumepanga nyumba yetu ya kwanza yenye ngazi, nami kwa kujidai nikaalika kila mtu: Watanzania wenzetu, Wakenya wauguzi, Wakongo wa Columbia Heights, na marafiki wa marafiki. Nyumba ikafurika. Makoti ya baridi tukayarundika juu, kitandani kwetu.

Shangazi Felista, aliyetoka Songea kuja kunisaidia kulea mtoto, alivuta kiti akakaa mlangoni, kitenge juu ya sweta. Kila aliyeingia alimpa mkono, kisha akamuuliza, "Wewe ni wa nani?" Kijana mmoja Mkenya anayekaa Alexandria, ile ya huku Marekani, akacheka, "Mimi ni wa Mungu, auntie."

"Mungu ana watoto wengi. Wewe umekuja na yupi?"

Watu walicheka, mimi nikaona aibu. Ujana bwana! Nilijiona nimestaarabika, na huyu mama ananirudisha kijijini mbele ya wageni wa maana. Nikamwinamia sikioni: "Shangazi, Marekani watu hawahojiwi mlangoni. Njoo jikoni uniangalizie sambusa." Alinitazama, akanyanyuka, akaenda jikoni. Mlango nikauacha bila kufunga kwa ufunguo, maana kwa muziki ule kengele isingesikika.

Sasa, kati ya wageni alikuwepo rafiki yangu Neema, aliyefanya kazi ya kuhudumia wazee. Kesho yake alikuwa asafiri kwenda Mbeya. Baba yake alikuwa hoi, akili inakuja na kuondoka, na kila simu ilipopigwa alimuulizia binti yake kwa jina. Tiketi na pasipoti Neema alizitia mfuko wa ndani wa koti ili asizisahau.

Basi akaingia kaka mmoja wa sweta ya kijivu, mpole kweli. Alizungumza Kiingereza tu, lakini watoto wetu wenyewe walijibu Kiingereza, nani angeshangaa? Watanzania walidhani ni rafiki wa Wakenya, Wakenya wakadhani ni wa Wakongo, Wakongo wakadhani ni mtu wa mume wangu. Nilimpakulia mimi mwenyewe, tena nikambembeleza aongeze! Alipouliza choo kiko wapi, nikamwonyesha ngazi.

Watu walipoanza kuaga, Neema alishuka mikono mitupu. "Dada, koti langu silioni." Tulipekua kitanda, tukapekua chini ya kitanda. Ndipo mtu akauliza, "Yule wa sweta ya kijivu alikuwa mgeni wa nani?" Kila kundi likaelekeza kwa lingine. Polisi walikuja, wakaandika, wakaondoka. Koti halikuonekana mpaka leo.

Shangazi hakunigombeza. Heri angenigombeza! Tulikuwa tunaosha masufuria akasema, "Mwanangu, kumuuliza mtu ni wa nani si umbea. Mtu akijulikana ni wa fulani, hata tamaa ikimshika atamwonea haya fulani wake. Yule ulimpokea hana mwenyewe, ameondoka hana mwenyewe." Nililia kwenye povu la sabuni.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo wasemavyo. Uchungu ni kwamba sikuvunjika mimi, alivunjika Neema. Watu wema walihangaika naye, lakini ofisi zilikuwa zimefungwa kwa sikukuu, akapata pasipoti nyingine mwaka mpya umeshaingia. Alinipigia simu kutoka Mbeya: "Dada, nimemkuta hai. Lakini ananiita nesi." Mpaka wanamzika, mzee hakumwita tena Neema. Naye hajanilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kwa hiyo nisikilize, wala usije ukawafungia watu mlango kwa sababu ya hadithi yangu. Karibisha, karibisha sana, huku wapweke ni wengi na baridi ni kali. Ila mlangoni weka mtu asiye na haya, amshike kila mgeni mkono na ajue kaletwa na nani, na mlango ufungwe kila baada ya hodi. Makoti na mikoba iwe chumba chenye kufuli, ufunguo ukae kwako. Mwenye safari mwambie pasipoti aiache kwake. Na mzee wa nyumba akiuliza maswali mengi, mwache aulize, aibu yako haitakuua.

Nenda mwanangu, upike. Mungu aijaze nyumba yako watu, kila aliyeingia atoke na chake, na mwenye safari awahi kufika, akute wanaomngoja bado wanamjua.