Dola Baada ya Jina la Mtume

Wagih Abdel-Samad amekuwa akipanga maandishi ya vitabu hapa Tanta, Misri, tangu enzi za herufi za madini ya risasi. Kazi yake kubwa ni vijitabu vya dua ambavyo wafiwa hugawa siku ya arobaini, jina la marehemu likiwa juu ya jalada, ili kila asomaye amwombee.

Ndani ya vijitabu hivyo, kila anapotajwa Mtume, hufuata ile alama ndogo iliyokusanya maneno manne ya kumsalia. Wagih aliipenda ya fonti moja ya zamani, iliyochorwa kama kwa kalamu ya mwanzi. Lakini kompyuta haiweki mchoro. Huweka namba tu, na fonti ndiyo huamua namba hiyo ionekaneje. Aliyetengeneza fonti ile aliipachika alama hiyo kwenye namba ya dola. Nani angehitaji dola katika kitabu cha dua? Baadaye alama ilipewa namba yake yenyewe, inayotambulika dunia nzima. Wagih alijua, na hakubadilisha, kwa kuwa kwenye kioo cha kompyuta yake ilipendeza.

Haji Shalabi wa reli alipofariki, mjane wake, Bi Inshirah, alimletea Wagih kazi. Akaipanga, akaipeleka kwenye kiwanda cha uchapaji. Kiwanda kilikuwa kimenunua kompyuta mpya isiyo na fonti ile, ikatumia nyingine, na namba ya dola ikatoa dola. Vijitabu vikatiwa kwenye maboksi, vikapelekwa moja kwa moja kwa mfiwa.

Siku ya arobaini Wagih alifungua kimoja akiwa ameketi kati ya watu. Fikri kinyozi alikuwa amekwisha kuona.

"Fundi, siku hizi Mtume anasaliwa kwa dola? Paundi yetu imekosa nini?"

Watu walikohoa kuficha kicheko. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha nyuma yake. Niliona shingo yake ikiiva.

Aliinuka kwenda kumwambia mjane. Bi Inshirah hajui kusoma. Kabla Wagih hajafungua kinywa, alimtilia kijitabu mkononi.

"Nisomee kidogo, mwanangu. Nisikie Haji anavyoombewa."

Akasoma. Kila alipofika kwenye dola alitamka sala yote, taratibu, kwa sauti nzuri. Bi Inshirah alilia, akakibusu kijitabu, akakigusisha kwenye paji la uso. Wagih akaaga, akaenda zake.

Kesho yake aliniomba nimsindikize. Tulimkuta Bi Inshirah ukumbini, maboksi yamefungwa kamba.

"Jana ulisoma vizuri, fundi," alisema. Hakumwita mwanangu. "Leo jirani kanisomea. Kila akifika kwa Mtume anameza mate. Nikamuuliza, mwenzangu, unameza nini?"

"Nilikuja kukwambia, Hajati."

"Ulikuja. Kisha ukanisomea."



"Nitachapisha vingine."

"Utachapisha. Na hivi je? Vina maneno ya Mungu, siwezi kuvitupa. Vina jina la mume wangu, siwezi kuvigawa watu wakamcheka. Vichukue. Ukae navyo wewe."

Tulivibeba mchana kweupe, kupita mbele ya duka la Fikri. Fikri alikuwa na wembe shingoni mwa mteja. Hakusema neno, na nadhani Wagih angependa aseme.

Vijitabu vipya vilitoka salama, alama ikiwa kwenye namba yake. Bi Inshirah alivipokea mlangoni, akashukuru, hakumkaribisha ndani.

Vile vya kwanza viko dukani, kwenye rafu juu ya kompyuta. Angeweza kuvipeleka msikitini vichomwe kwa heshima, kama zinavyochomwa kurasa kuukuu zenye maneno ya Mungu, lakini hajavipeleka. Baada ya sala ya alasiri huteremsha kimoja, hukwangua dola kwa wembe, akaandika sala kwa mkono, maneno yote manne. Hasomi kwa sauti.

Juzi mteja alimuuliza kama vinagawiwa.

"Bado," alijibu, akakirudisha juu.