Muziki wa Boti ya Mjomba Rajabu

Nilitoka mjini, mtaani kwetu Buyenzi, kwa sababu mjomba wangu Rajabu alikuwa ameahidi jambo kabla ya kuuliza kama linawezekana. Mjomba ana boti kule Rumonge, ndefu na nyembamba kama ganda la haragwe, inayobeba abiria na mawese hadi Kabonga, karibu na mpaka wa Tanzania. Binti yake Sifa alikuwa anaolewa hukohuko Kabonga. Mjomba akawatumia wakwe ujumbe kwamba siku ya harusi hawatahitaji kuchungulia ziwani, maana watatusikia kabla ya kutuona. Kisha akanipigia simu mimi, Mwajuma, fundi wa redio wa ukoo mzima.

"Mwana wa dada," alisema, "boti haina umeme. Lakini muziki lazima ikuwe."

Nikamuuliza kwa nini asiazime jenereta. Akasema aliwahi kujaribu, jenereta ikawa na kelele kuliko muziki wenyewe, na moshi wake ukamfanya mbuzi wa abiria ajitupe majini. Nikaanza kufunga mizigo.

Jumatano asubuhi nilipanda basi dogo la kusini nikiwa na kila kitu: spika mbili, kikuza sauti kidogo cha wati kumi na tano, paneli ya sola yenye ukubwa wa sinia, na kisanduku cha kugawa umeme na kulinda batri. Batri yenyewe ilikuwa ya pikipiki. Niliizungushia kitenge isigongwe, nikaipakata. Tulipofika Kabezi, mama aliyekaa kando yangu aliitazama kwa huruma.

"Mutoto analala vizuri," alisema.

"Analala," nikasema, maana maelezo yangekuwa marefu.

Rumonge nilifika mchana, nikamkuta mjomba ananingojea ufukweni na spika mbili kubwa kama kabati, za baa ya rafiki yake. Alikuwa ameshazipakia. Boti ilikuwa imelalia upande mmoja. Ilinibidi nikae naye kwenye mchanga na kumweleza kwamba umeme tulionao ni kama sufuria ndogo ya wali: ukikaribisha wageni wakubwa, wote wanalala njaa. Spika zile zingemaliza batri kabla ya wimbo wa kwanza kufika kwenye kiitikio.

"Sasa hizi zako ndogo watasikia nani? Samaki?"

"Nipe siku mbili, mjomba."

Alhamisi na Ijumaa nilishughulika na swali moja tu: namna ya kupata sauti kubwa kutoka kwa umeme mdogo. Niliweka spika ndani ya ndoo, ikatoa sauti ya mtu aliyefungiwa chooni. Niliiweka ndani ya sufuria ya Mama Sifa, mke wa mjomba, naye akaja kuichukua na spika ikiwa ndani, maharagwe yakingoja. Mwishowe nilikata tumbo la bidoni mbili, yale madumu ya plastiki ya mawese, nikafunga spika moja katika kila bidoni, midomo ikitazama mbele. Sauti ikatoka nene na tamu, yenye harufu kidogo ya mafuta. Majirani wakaja. Mzee mmoja akauliza kama ile bidoni inauzwa pamoja na mwimbaji.

Paneli niliifunga juu ya turubai la boti, upande wa nyuma, ili ipate jua safari nzima. Nilipiga hesabu mara tatu. Jua likiwaka kawaida, tungeimba hadi Kabonga na batri ingebaki na akiba. Sifa alikuja kukagua akiwa na hina mikononi, vidole ameviacha wazi kama mtu anayekausha nguo.

"Dada Mwaju, usiniaibishe," alisema polepole. "Wale watu wa Kabonga wamekaa Tanzania miaka mingi. Wanasema sisi wa Rumonge ni watu wa maneno tu. Shangazi yake Hamisi amesema anataka kusikia kwanza hiyo muziki ndipo aamini."

Hamisi ndiye bwana harusi. Nikamwambia Sifa aende akalale.

Jumamosi, saa moja asubuhi, tuliondoka tukiwa zaidi ya thelathini, wengi wetu shangazi na mama wadogo wa bibi harusi. Kabla hatujafika mbali, Mama Sifa alinunua ndagala wabichi, dagaa wa ziwa letu, kutoka kwa wavuvi waliokuwa wanarudi, awapelekee wakwe zawadi. Mimi nilikuwa mbele, mkono juu ya kitufe. Nilipowasha, bidoni ziliimba hadi wanawake waliokuwa wakifua ufukweni wakainua mikono na kucheza na nguo zenye povu. Mjomba, aliyeshika usukani wa moteri kule nyuma, alinitazama kwa macho ya mtu aliyesamehewa deni la aibu. Kwa saa tatu nilikuwa fundi bora kuliko wote katika ziwa hili.

Tulipoipita Nyanza-Lac, mwimbaji alianza kusinzia. Alikatika katikati ya neno, akarudi, akakatika tena. Nikagusa nyaya: nzima. Nikafuata waya wa batri kwa mkono, kutoka mbele hadi katikati ya boti, nikipita chini ya miguu na vikapu, mpaka nikafika kwenye kile kisanduku changu cha kulinda batri. Kina matundu mawili ya kuchajia simu, ambayo nilikuwa nimeyasahau. Shangazi Mariamu, dada yake mjomba, hakuyasahau. Alikuwa amekikalia kisanduku kama kuku anayeatamia, na ndani ya tundu moja alikuwa amechomeka kipande cha plastiki chenye matundu mengine sita. Simu sita zilikuwa zinakula umeme wangu. Nyingine zilikuwa kwenye foleni.

"Wewe uko namba kumi na moja," aliniambia kwa upole. "Lakini kwa sababu ni fundi, nitakusogeza."

Nilichomoa zote. Nikajifariji kwamba bado kuna jua. Nikapanda juu ya benchi nichungulie paneli. Haikuonekana. Ilikuwa imefunikwa ndagala, wamepangwa safu kwa safu, wakitazama upande mmoja kama wanafunzi.

"Hii sahani yako iko na joto muzuri sana," Mama Sifa alisema nyuma yangu. "Angalia, wameshaanza kukauka."

Tuliwaondoa ndagala mmoja mmoja, maana alikataa wamwagwe. Nilipoipangusa paneli kwa khanga ya mtu, wingu kubwa lilikuwa limetoka upande wa Kongo na kukaa juu yetu. Nilimtazama Sifa. Alikuwa ameshaelewa. Hakulia wala hakulalamika. Alishusha tu mtandio usoni, na hiyo iliniuma kuliko kama angenitukana.

Nikaenda nyuma kwa mjomba. Nikamwambia imebaki nguvu kidogo sana. Nikizima spika moja na kushusha sauti mpaka mwisho, tunaweza kupata nyimbo mbili, labda tatu.

"Tutasikia na hii moteri?"

"Hapana."

Mjomba aliangalia mbele, ambako Kabonga ilikuwa imeanza kuonekana, na watu wamejaa ufukweni wamevaa nguo za rangi. Akazima moteri. Wanaume wanne wakachukua makasia.

Nikawasha. Sauti ikatoka ndogo kama ya mbu mwenye adabu. Ili kuisikia, ilibidi kila mtu anyamaze. Mama aliyekuwa akikohoa akajiziba mdomo. Wote wakaisogelea bidoni moja na kuinamisha vichwa, na boti ikaenda kimyakimya juu ya maji. Nakiri kwamba ulikuwa wakati mzuri. Sijawahi kuona watu thelathini wakisikiliza wimbo kwa namna ile. Shangazi Mariamu alifumba macho. Nilijiambia, basi, aibu yetu ina ladha yake.

Sasa jiwekeni upande wa watu wa Kabonga. Wameahidiwa boti ya kelele. Wameleta ngoma, wameandaa vigelegele. Wanachokiona ni boti iliyozima moteri, inasukumwa kwa makasia taratibu, watu wote wameinamisha vichwa, wengine wameziba midomo, na bibi harusi haonekani.

Ngoma iliwekwa chini. Mwanamke mmoja akapiga yowe la msiba, na wengine wakampokea.

"Wanalia," alisema Mama Sifa, akainua kichwa. "Kwa nini wanalia? Mungu wangu, wamepatwa na msiba siku ya harusi."

Shangazi Mariamu alikuwa wa kwanza kuwajibu kwa kilio, kwa sababu ana moyo mwepesi. Baada yake hakuna aliyeuliza. Boti nzima ikalia. Mimi pia nililia, na sikujua namlilia nani. Bidoni iliendelea kuimba peke yake.

Sifa alinishika mkono. "Simuoni Hamisi," alisema.

Kabla sijamjibu alikuwa ameshavuka ukingo wa boti. Maji yalimfika kiunoni. Alikwenda huku gauni likielea nyuma yake, na hapo ndipo tulipomwona Hamisi akitoka katikati ya watu, ameshika viatu vyake kifuani, uso umelowa machozi. Alipomwona alisimama ghafla ndani ya maji.

"Uko hai?" alimuuliza.

"Niko hai. Na wewe?"

"Mimi nipo."

Wakatazamana. Viatu vikaanguka majini, na hakuna aliyeviokota.

Boti ilipogusa mchanga, shangazi yake Hamisi, Bi Tausi, alikuja mbele akifuta macho kwa ncha ya khanga. Alimshika mjomba mikono yote miwili.

"Poleni sana, ndugu zetu. Nani ametutoka?"

Mjomba alikuwa bado anapiga kwikwi. "Ni batri," alisema. "Imekufa njiani."

Wao waliozoea Tanzania husema betri. Bi Tausi alitikisa kichwa kwa uchungu.

"Badri. Masikini. Alikuwa akiumwa?"

"Hapana, alfajiri ilikuwa na nguvu kabisa. Ni hawa wamama. Walimunyonya wote, mmoja mmoja, kila mutu na zamu yake."

Bi Tausi aliiachia mikono ya mjomba taratibu na kuwatazama shangazi zetu.

"Alikuwa na umri gani?"

Mjomba akanigeukia mimi. Nilikuwa nimeshaelewa, lakini kicheko kilikuwa kimenikaba na sikuweza kutoa maneno ya maana. "Miezi nane," ndiyo tu niliyoweza kusema.

Nyuma ya Bi Tausi mzee mmoja alikuwa ameshainua mikono akimwombea Badri, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumkatiza. Tulisubiri amalize, tukaitikia amina, ndipo nikashuka botini nikiwa nimebeba marehemu ndani ya kitenge na kumwonyesha Bi Tausi. Aliifunua. Akaitazama batri ya pikipiki kwa muda mrefu. Kisha akaketi mchangani, miguu imenyooka mbele, akacheka mpaka wakaja kumpepea.

Harusi ilichezwa kwa ngoma yao. Ndagala walikuwa nusu wabichi na nusu wakavu, lakini waliliwa.

Jumatatu asubuhi tuliondoka Kabonga. Jirani mmoja mwenye duka alikuwa amenichajia batri siku nzima. Nilikuwa nimeziba yale matundu mawili kwa nta ya mshumaa, na paneli nimeifunga juu kabisa ambako samaki hafiki bila ngazi. Anga ilikuwa safi. Nikakaa mbele, nikanyoosha mkono niwashe.

"Mwaju," Mama Sifa aliniita. "Acha kwanza."

Alikuwa amekaa benchi la katikati na mahali pa Sifa kando yake palikuwa wazi. Sikuwasha. Baada ya Nyanza-Lac, Mama Sifa alianza kuimba wimbo mmoja wa harusi, akakosea maneno, akarudi mwanzo. Shangazi Mariamu akamsahihisha, naye akakosea. Wakabishana kuhusu ubeti wa pili hadi boti nzima ikaingia, kila mmoja na ubeti wake, na mjomba kutoka nyuma akiitikia kwa sauti ya mtu anayeita teksi.

Nimejifunza mambo kadhaa katika safari hii. Paneli ya sola ni moto, na kitu chochote chenye moto kando ya ziwa letu kitaanikiwa samaki. Tundu la kuchajia simu haliwezi kufichwa mbele ya shangazi. Na kule Kabonga, useme betri.

Tuliingia Rumonge saa nane mchana tukisikika kutoka mbali sana. Sikuwa nimewasha kitu. Nilipopima batri ufukweni, ilikuwa imejaa kama tulivyoondoka nayo.