Mwalimu Aliyekataa Kutoa Notisi

Habari ilinikuta Shelui, nimesimama kando ya malori nikisubiri chai ipoe. Mwenzangu wa zamani alinipigia simu akasema kwa ufupi, "Madam ametutoka. Tunazika kesho Ikungi." Sikuuliza Madam yupi. Katika chuo cha ualimu nilikofundisha Kiswahili kabla ya kuingia kwenye magazeti, wakufunzi wote wa kike waliitwa Madam, lakini ukilitaja jina hilo bila kuongeza neno, kila mtu alijua unamsema mkufunzi wa saikolojia. Kesho yake nilikuwa Ikungi, nimeketi na waombolezaji wengine, nikisikiliza wasifu wa marehemu ukisomwa kwenye kipaza sauti. Tuliambiwa alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, aliugua. Kisha msomaji akasema marehemu alikuwa mpole, mtiifu, na alishirikiana vyema na uongozi katika yote. Nusura nicheke msibani. Wafu hawana namna ya kujitetea, msomaji wangu, kwa hiyo nitamtetea mimi. Mwanamke huyu hakuwa mtiifu hata kidogo, na anayemzika na sifa hiyo anazika mtu mwingine.

Kosa lake lilikuwa moja, naye alilitenda kila siku: hakutoa notisi, yale maelezo ya somo ya kunakili. Anayevijua vyuo vyetu anajua uzito wa jambo hilo. Mwanachuo anataka mkufunzi aingie, asome polepole, yeye aandike, akariri, afanye mtihani, apate cheti, apangiwe shule. Ng'ambo ya barabara palikuwa na steshenari iliyouza kopi za notisi za saikolojia zilizorithiwa kutoka kwa waliotangulia, pamoja na makosa yao yote, na zilinunuliwa kama maandazi ya asubuhi. Madam aliingia darasani mikono mitupu akauliza, "Kwenu mtoto akikosea, nani humwadhibu? Na huyo mtoto hutazama wapi?" Kipindi kikaisha kwa mabishano. Wanachuo wenyewe ndio waliomshtaki. Mkuu wa chuo akaitisha kikao, nami nilikuwemo. Akasema, kwa upole wa kweli, kwamba mada haziishi na mtihani haumngoji mtu. Madam akajibu, "Mkuu, nionyeshe kwenye hizo notisi alipo mtoto wa kijiji cha Mkiwa. Nikimwona, kesho naanza kuzisoma." Akaomba aachiwe muhula mmoja. Akaachiwa, huku wengine tukitazamana.

Muhula huo aliwapeleka wanachuo wake kwenye shule moja ya msingi upande huo wa Mkiwa. Gari lilikuwa na nafasi na mimi nilikuwa na udadisi, nikapanda. Mle kwenye notisi za steshenari mlikuwa na jaribio la kupima kama mtoto mdogo anaelewa kwamba idadi ya vitu haibadiliki hata vikisogezwa. Kijana mmoja mwenye tai, kinara wa wale waliomshtaki Madam, ndiye aliyejitolea. Akapanga mbegu za alizeti mistari miwili iliyolingana mbele ya msichana wa darasa la kwanza. "Mbegu za huku na za huku ziko sawa?" Mtoto akasema, "Ndiyo, mwalimu." Kijana akautawanya mstari mmoja ukawa mrefu. "Sasa je, ziko sawa?" Mtoto akainamisha macho. "Hapana, mwalimu. Hizi ndizo nyingi." Kijana akaandika kwamba mtoto hajafikia hatua ya kuelewa, akafunga daftari ameridhika, kwa kuwa ndivyo alivyokariri.

Madam akamwita mtoto mwingine wa darasa hilohilo, akamwelekeza acheze mchezo uleule na mwenzake, na sisi watu wazima tukasogea pembeni. Mtoto wa pili akazipanga mbegu, akauliza, akazitawanya, akauliza tena. Msichana akamkazia macho. "Si ni zilezile? We umezitawanya tu." Tulimsikia wote. Madam akachuchumaa mbele yake. "Mwanangu, mbona mwalimu ulimwambia vingine?" Mtoto akachora mchanga kwa kidole cha mguu, halafu akasema, "Mwalimu aliuliza tena."

Huku kwetu mtu mzima hamuulizi mtoto mara ya pili kwa sababu hakusikia. Mama akikuuliza, "Mbuzi umewafunga?" ukasema ndiyo, naye akarudia, huna haja ya kufikiri, unatoka kwenda kutazama kamba. Kurudia swali ni njia ya kukuambia umekosea bila kukufedhehesha, na kubadilisha jibu ndiyo heshima yenyewe. Mtoto yule hakushindwa kuhesabu. Alikuwa na adabu, basi. Madam akamgeukia kijana wake, ambaye ni mtoto wa wakulima wa Iramba. "Wewe kwenu mama akirudia swali unafanyaje?" Kijana akasema, "Nabadilisha, Madam." "Ulisahau lini?" Kijana akawa anaangalia tai yake.

Siku chache baadaye nilipita nje ya darasa lake nikasikia akiuliza swali. Mwanachuo mmoja akajibu sawasawa. Madam akasema, "Unasema?" Yule mtu mzima, mwenye ndevu, akabadilisha jibu papo hapo, na nusu ya darasa ikamfuata. "Ulikuwa sahihi," Madam akasema. "Nani amekuambia umekosea?" Nimekaa na swali hilo miaka mingi, na sasa nalirusha kwenu. Tunapenda kusema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Haya, tumemlea. Amekua, amekuwa mjumbe wa kamati, na kwenye mkutano mwenyekiti akiuliza, "Tumekubaliana?" halafu akarudia kwa sauti nzito zaidi, anaitikia ndiyo jambo ambalo tumbo lake linalikataa. Halafu tunalalamika kwenye vijiwe kwamba wasomi wa siku hizi hawafikiri. Akili wanazo. Tuliwazoesha kuziweka kando mkubwa anapokohoa. Wala msinielewe vibaya, sina ugomvi na heshima. Madam mwenyewe alikuwa mkali wa shikamoo kuliko sisi sote. Alichokataa ni mwalimu kuichukua heshima ya mtoto na kuiandika kuwa ni ujinga.

Mngetaka niwaambie kwamba baada ya hapo alishinda. Hakushinda. Matokeo ya darasa lake hayakuwa mazuri wala mabaya kuliko ya wengine, na kikao kikaitishwa tena. Mkuu akauliza, "Sasa utatoa notisi?" Madam akasema hapana. Mkuu akavua miwani. "Nimekuuliza, utatoa notisi?" Madam akasema, "Hapana, mkuu." Wakamnyang'anya somo, wakampeleka kusimamia maktaba, naye akafundishia humo humo. Wanachuo waliokuwa wakimshtaki wakaanza kupenyapenya jioni kwenda kubishana naye, na yule mwenye tai alikuwa wa kwanza. Mkufunzi aliyempokea somo alipohamishwa, likamrudia kwa kukosa mtu mwingine. Hakuna aliyemwomba radhi, na ameingia kaburini bila kutoa notisi hata ukurasa mmoja.

Tulipokuwa tunanawa mikono baada ya mazishi, bwana mmoja wa chuoni aliniambia kwa nia njema kabisa kwamba safari hii watatafuta mtu anayemaliza mada. Nilikasirika, na ninaandika nikiwa bado nimekasirika. Mada zinamalizwa kila mwaka. Tuna walimu kibao waliomaliza mada zote, wanaojua hatua zote za ukuaji wa mtoto kwa mpangilio, na mbele yao ameketi mtoto mwenye jibu sahihi ambalo hawatalisikia kamwe, kwa sababu hakuna aliyewafundisha kumsikiliza. Saikolojia isiyoanzia kwa mtoto aliye mbele yako ni mashairi ya kukariri, na cheti chake kinampa mtu ruhusa ya kuwaita watoto wa wenzake wajinga. Kwa hiyo wewe utakayeshika somo lake, popote ulipo, hilo ndilo alilotuachia. Wapeleke wanachuo wako kwa watoto kabla hawajagusa kalamu. Watakuomba notisi. Wakatalie. Watakushtaki kwa mkuu, naye atakuita. Mkatalie na yeye.