Mulima wa Chuma wa Ubwari

Mi ni mutoto wa muvuvi, na mutoto wa muvuvi hata ukimupa kazi ya ndege, atavua tu.

Patron wangu, yule bosi aliyenipa kazi, Muzungu mununuzi wa pamba, alikuwa anajitengenezea ndege yake mwenyewe hapa Baraka. Siku ile nilikuwa nafunga redio nyuma ya ubao wa saa za ndege, mbele ya kiti cha rubani, yeye ameenda kula. Skrubu ikaniponyoka, ikaangukia ndani kabisa upande wa pua, mukono haufiki. Basi nikafunga sumaku kwenye uzi wa ndoano, nikaitemea mate kama baba anavyotemea chambo, nikaishusha. Sumaku ikang'ang'ania chuma, ikakataa kutoka. Nikausukumia uzi ndani, nikaendelea na redio.

Patron akarudi, akafunga dira kwenye ubao uleule. Pua ya ndege ilikuwa inaangalia Ubwari, ng'ambo ya maji, na mushale ukaelekea kulekule.

"Kaskazini iko huko?" akashangaa.

"Hapana, patron," nikasema bila haya. "Milima ya Ubwari iko na chuma mingi. Inavuta."

Akaamini! Akaandika mpaka kwenye kitabu chake. Habari ikavuka maji, na kesho yake bazee batatu ba Ubwari bakavuka na mutumbwi, kanzu safi, kuja kuona utajiri wao.

Patron akageuza ndege ili baone vizuri. Pua ikaangalia Fizi. Mushale nao ukaangalia Fizi.

"Mulima umehama?" patron akauliza.

Akainama, akaona ncha ya uzi, akavuta. Ikatoka sumaku, skrubu nne, na kijiko changu kilichopotea.

Muzee mumoja akaonyesha sumaku kwa kidole, akaniangalia kwa huruma. "Mutoto wangu, mulima wetu ndiyo huu?"