Tambuu ya Ukingoni

Amaq Sehan, mdogo wa marehemu mume wangu, alisema mbele ya watu kwamba nilishuka ziwani nikiwa hedhini, na kwamba ndiyo sababu bibi yetu, Papuq Rinasih, alivunjika mguu. Alisema uongo, naye alijua ni uongo.

Njia ya kwenda kwenye ziwa hilo, Segara Anak, ina adabu yake. Anayetangulia hufika ukingoni, pale mlima unapokatika na ziwa kuonekana chini, akaweka tambuu juu ya jiwe na kuomba njia. Kabla ya hapo hateremki mtu. Kazi hiyo ilikuwa ya mume wangu. Alipofariki nikairithi, kwa kuwa nilibeba mzegazega nyuma yake tangu tulipooana, na mteremko ule naujua kwa nyayo. Amaq Sehan aliitaka yeye.

Siku ile tulikuwa tunawapeleka wazee wakaoge kwenye maji moto yaliyo kando ya ziwa. Yeye alibeba mchele na masufuria. Mimi nilibaki nyuma nimemshika mkono Papuq Rinasih, ambaye magoti yalishamchoka. Tulipofika ukingoni, jiwe lilikuwa tupu. Amaq Sehan alishateremka, akiwahi mahali pazuri pa kupiga hema, na watu wakamfuata. Nilimwachia bibi mkono nitoe tambuu kwenye upindo wa nguo. Bibi, kwa kuona wenzake wanakwenda, naye akaenda. Ukungu ukapanda. Nikasikia mawe yakibiringika, kisha kilio chake.

Jioni, kando ya ziwa, watu waliuliza nani kakosea.

"Mimi nilitangulia tu," alisema Amaq Sehan. "Muulizeni shemeji. Mwanamke ana siku zake."

Wanaume wakatazama chini. Jibu nilikuwa nalo, lakini halikuwa la kusemwa mbele ya wanaume. Kazi ya kuweka tambuu ikawa yake. Nikarudi kwenye shamba langu la vitunguu saumu, na wanawake wakawa wananipita bila salamu.

Kisha ikaja karamu ya arusi. Tulikuwa tunamenya vitunguu, wanawake peke yetu, Inaq Kerti akasema, "Wewe kaa mbali na wali, usije ukatutia nuksi."

"Inaq Kerti, mimi na wewe si tulikauka msimu mmoja? Umesahau tulivyokuwa tukipepeana shambani kwa lile joto?"

Kisu chake kikasimama. "Ilikuwa kabla ya safari ile?"

"Kabla. Wewe ndiye uliyeniita mtungi mkavu."

"Mtungi mkavu! Kweli, nilikuita." Akaanza kucheka. "Sasa shemeji yako damu aliiona wapi?"

"Labda ilikuwa yake," alisema mmoja kwenye kona.

Tulicheka mpaka wanaume waliokuwa kwenye masufuria wakauliza kuna nini. Hawakujibiwa, lakini kila mmoja alilala na mkewe nyumbani, na wake wana midomo.

Kiangazi kilipoingia, Papuq Rinasih alitaka kwenda tena kuoga. Mguu ulikuwa umeunga vibaya. Akamwita Amaq Sehan mbele ya wapagazi wenzake. "Nitapanda akitangulia shemeji yako, huyu Inaq Murdi. Wewe beba mchele."

"Bibi, njia si ni ile ile?"

"Ile ile. Nimeiteremka kwa makalio, naijua."

Alibeba mchele. Ukingoni niliweka jani, popoo na chokaa, nikaomba. Ukungu ulipanda kama siku ile. Sikukimbia, na nyuma yangu hakukimbia mtu. Tulifika chini wote, bibi kashika bega langu, akaingiza mguu wake uliopinda kwenye maji moto na kuagiza samaki wa kuchoma.

Tangu hapo natangulia mimi. Amaq Sehan humtuma mkewe kwangu na mapapai. Nayala, ni matamu, na mkewe hana kosa. Lakini papai si neno la kuomba radhi. Uongo aliusema kando ya ziwa, mbele ya watu ninaowajua kwa majina. Anachodaiwa ni kusimama mbele ya watu hao hao, aseme: niliteremka bila kuomba njia, nikamsingizia mke wa kaka yangu. Anayedaiwa ni yeye, wala si mkewe. Kila tunapopanda, nikishaweka tambuu, humgeukia Amaq Sehan, nikangoja kidogo aseme, kabla ya kuteremka.